Jangwa Lilimkuta Ngamia Yuko Tayari

Kisiwa cha Ellesmere kiko ukingoni mwa kaskazini ya Kanada. Ukikipita, kilichobaki ni bahari iliyoganda na ncha ya dunia. Majira ya baridi jua huzama likakaa miezi bila kuchomoza. Ni huko ambako mtafiti Natalia Rybczynski wa Makumbusho ya Maumbile ya Kanada na wenzake, katika misimu mitatu ya kazi kati ya mwaka 2006 na 2010, waliokota vipande vipatavyo 30 vya mfupa, vidogo kiasi cha kudhaniwa vijiti. Vilipopangwa pamoja vikawa sehemu ya muundi wa mnyama mkubwa aliyeishi miaka milioni 3.5 iliyopita. Umbo peke yake halikutosha kumtambua, hivyo sampuli ikapimwa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kutafuta alama za kolajeni, protini inayoshikilia mfupa, ambayo baridi ya huko ilikuwa imeitunza. Majibu yalichapishwa Machi 2013. Mnyama yule alikuwa ngamia, na kwa ukubwa alimzidi ngamia wa leo kwa karibu asilimia 30.

Habari hiyo inagongana na mengi tuliyoyazoea. Kwa mtu wa Garissa au Mandera, ngamia ni mali na heshima ya ukoo. Kwa mtalii wa Nyali ni mnyama wa kupandwa na kupigwa naye picha ufukweni. Simulizi za Lamu na Unguja zinamkumbuka akizunguka kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, macho yamefungwa kitambaa. Ukiuliza kwao ngamia ni wapi, wengi watakujibu jangwani; ukiuliza nundu yake ina nini, watasema maji, maana ndivyo walivyosikia tangu utotoni. Majibu yote mawili si sahihi. Ukiyasahihisha, anajitokeza mnyama mwingine kabisa: mnyama wa safari, ambaye mwili wake umeundwa kuumudu umbali ulioko kati ya maji na maji, malisho na malisho, na ambaye jangwa alilifikia akiwa na silaha alizozipata kwingine. Kulijua hilo si anasa ya wasomi. Kaskazini mwa Kenya, familia zilizoishi kwa ng'ombe vizazi na vizazi sasa zinafuga ngamia, na mafanikio yao yatategemea wanamfahamu mnyama huyu kuwa nani.

Kwao ni Amerika

Ukoo wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini. Zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, misitu ya huko ilikuwa na kijinyama ambacho wanasayansi wamekiita Protylopus, kimo chake hakimzidi sungura, chenye vidole vinne mguuni na kisicho na dalili yoyote ya nundu. Miaka mingi baadaye akatokea Poebrotherium, mwenye ukubwa wa mbuzi, ambaye visukuku vyake vimefukuliwa kwa wingi katika mabonde yaliyomomonyoka ya South Dakota. Huyu vidole vilikuwa vimeshapungua hadi viwili, na miguu imeanza kurefuka.

Kisha hali ya hewa ikakauka, misitu ikarudi nyuma, na nyika za majani zikatanda katikati ya bara. Ukoo ukapanuka nazo. Nebraska kulikuwa na makundi ya Stenomylus, wembamba na wepesi wa mbio. Aepycamelus aliota shingo ndefu akawa anakula vilele vya miti, kazi ambayo kwetu Afrika imeshikwa na twiga. Wengine walipevuka wakawa majitu. Katika nyika hizo ndipo ngamia alipopata mwendo wake wa pekee, wa kuinua miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kisha ya upande wa pili. Mnyama mwenye miguu mirefu akitembea hivyo, mguu wa nyuma haugongani na wa mbele, na kila hatua inakuwa ndefu. Hasara yake ni kwamba hawezi kukata kona ghafla. Faida yake ni kwamba anaweza kutembea tu, na kutembea, na kutembea. Kwato nazo zilipungua zikabaki kucha mbili mbele ya unyayo mpana wenye mto laini wa nyama na mafuta, unaotanuka kila unapokanyaga.

Kwa zaidi ya miaka milioni 30 hapakuwa na ngamia popote duniani isipokuwa huko. Piramidi zilikuwa hazijawaziwa, Sahara ilikuwa bado haijawa jangwa tunalolijua, na mnyama ambaye tungekuja kumwita wa Arabuni alikuwa Mmarekani.

Kuvuka penye baridi

Kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita, kina cha bahari kilishuka, na mahali ambapo leo ni mlango wa bahari wa Bering pakawa nchi kavu iliyounganisha Alaska na Siberia. Ngamia wa jamii ya Paracamelus wakavuka kuelekea magharibi. Walienea Asia, wakafika Ulaya hadi Uhispania, na wengine wakaingia Afrika. Mwaka 1969 ilichapishwa taarifa ya visukuku vya ngamia vilivyopatikana Kenya na Tanzania, na vingine vimepatikana bonde la Omo nchini Ethiopia. Kumbe mababu zetu wa kale kabisa waliwahi kuishi jirani na ngamia, kabla ya ngamia hao kutoweka na nafasi yao kukaa wazi kwa muda mrefu mno.

Ngamia wa Ellesmere ndiye anayetueleza njia hiyo ya kuvukia ilikuwaje. Wakati wake kisiwa kilikuwa na msitu na mabwawa, na joto lilizidi la leo kwa nyuzi nyingi. Lakini wastani wa mwaka ulikuwa bado chini kidogo ya sifuri, theluji ilianguka, na giza la miezi lilikuwepo vilevile kwa sababu jua halibadilishi njia yake. Rybczynski na wenzake wakajenga hoja: mafuta yaliyolundikwa mgongoni yangemfaa mnyama wa kupitia kipupwe kirefu kisicho na majani, unyayo mpana ungemzuia kuzama kwenye theluji laini, macho makubwa yangemsaidia kuona katika mwanga hafifu. Nundu haiachi kisukuku, kwa hiyo hoja hii inasimama juu ya uwezekano, si juu ya mfupa. Ila ina shahidi hai. Ngamia wa nundu mbili wa Mongolia na kaskazini mwa China huvumilia hadi leo baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, manyoya yamemfunika hadi magotini, na majira ya joto huyapukutisha akabaki karibu uchi.

Jamaa wengine wa ukoo walielekea kusini. Kiasi cha miaka milioni 3 iliyopita shingo ya nchi ya Panama ilifungana, nao wakaingia Amerika Kusini. Wazao wao ni guanaco na vicuña wa milima ya Andes, na mifugo iliyotokana nao, lama na alpaka. Hawana nundu, lakini midomo iliyopasuka na unyayo wenye mto vinatoboa siri ya undugu.

Waliobaki nyumbani ndio waliokwisha. Camelops, ngamia wa mwisho wa Amerika Kaskazini, alitoweka mwishoni mwa enzi ya barafu, pamoja na farasi wa huko na tembo wenye manyoya. Katika eneo la Wally's Beach, jimbo la Alberta, watafiti wamekuta mabaki ya ngamia aliyechinjwa na watu miaka ipatayo 13,000 iliyopita. Wawindaji na mabadiliko ya hali ya hewa wanashtakiwa kwa pamoja, na kesi haijafungwa.

Historia ina kejeli zake. Mwaka 1856 meli ya jeshi la wanamaji la Marekani iitwayo Supply iliteremsha ngamia 34 katika bandari ya Indianola, Texas, na mwaka uliofuata wakaletwa wengine 41. Waziri wa vita, Jefferson Davis, alitaka wanyama wa kubebea mizigo ya askari katika nchi kame za magharibi. Kikazi walifaulu: walibeba zaidi ya nyumbu, wakala vichaka ambavyo nyumbu hawakuvigusa. Lakini askari waliwachukia, nyumbu waliwaogopa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Davis akiwa rais wa majimbo yaliyojitenga, mradi ukafa. Ngamia wakapigwa mnada au wakaachiwa porini. Mmoja wa wachungaji walioletwa nao, Haji Ali, ambaye Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly, amezikwa Quartzsite, Arizona, chini ya piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Kila aliyewaona ngamia wale aliwahesabu kuwa wageni.

Kutoka windo hadi mfugo

Ulimwengu wa Kale, yaani Asia, Ulaya na Afrika, ndiko ukoo ulikogawanyika kuwa ngamia tunaowajua. Leo kuna spishi tatu. Wa nundu moja, anayefugwa Afrika na Arabuni, ndiye zaidi ya asilimia 90 ya ngamia wote duniani. Wa nundu mbili hufugwa Asia ya Kati. Wa tatu ni ngamia mwitu wa Gobi, mwenye nundu mbili ndogo, ambaye vinasaba vimeonyesha si mfugo aliyetoroka bali ni spishi yake mwenyewe. Hawa hawafiki 1,000. Baadhi yao huishi Lop Nur, China, mahali palipotumiwa kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia kuanzia mwaka 1964 hadi 1996, nao hunywa maji ya chumvi ambayo mnyama mwingine angeyakimbia.

Ngamia wa nundu moja alikuwa windo kabla ya kuwa mfugo. Al-Jawf, kaskazini mwa Saudia, kuna majabali yaliyochongwa ngamia wa ukubwa halisi. Mwanzoni wataalamu waliyakadiria kuwa na miaka 2,000. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ukayarudisha nyuma hadi miaka kati ya 7,000 na 8,000, zama ambazo hakuna aliyekuwa akifuga ngamia. Kwenye pwani ya Ghuba, katika maeneo kama Al Sufouh mjini Dubai, imefukuliwa mifupa mingi ya ngamia waliowindwa. Ufugaji wenyewe ulianza kusini-mashariki mwa Rasi ya Arabuni kiasi cha miaka 3,000 iliyopita. Yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote walishakuwa zizini kwa maelfu ya miaka wakati ngamia bado anakimbizwa kwa mikuki.

Alichelewa, lakini alipokubali tandiko ramani ya biashara ilichorwa upya. Ubani wa kusini mwa Arabuni ukapanda hadi bahari ya Kati. Sahara, iliyokuwa ukuta, ikawa njia. Chumvi ya Taoudenni ingali inafika Timbuktu mgongoni mwa ngamia, na ya bonde la Danakil hupanda na Waafar kuelekea masoko ya nyanda za juu za Ethiopia. Alama ya safari hizo imo ndani ya damu. Uchunguzi wa vinasaba vya ngamia 1,083, uliochapishwa mwaka 2016, uligundua kuwa ngamia wa nundu moja kutoka nchi zilizo mbalimbali sana wanafanana kwa kiasi cha kushangaza, kwa sababu misafara iliwachanganya karne baada ya karne. Waliojitenga kidogo ni wa Afrika Mashariki. Huku kwetu ngamia alikuja kuwa wa maziwa kuliko wa mizigo ya mbali, akabaki na wenyewe.

Hesabu za Béni Abbès

Msomaji wa Kurani anaifahamu aya ya Suratul Ghashiya inayomwalika mwanadamu amtazame ngamia jinsi alivyoumbwa. Mwanasayansi aliyemtazama kwa kipimajoto na mizani alikuwa Knut Schmidt-Nielsen, mzaliwa wa Norway aliyekuwa akifundisha Marekani. Mwaka 1953 yeye na mkewe Bodil, naye mtafiti, walikwenda kukaa Béni Abbès, oasisi ya Algeria, wakanunua ngamia na kuanza kuwapima kila kitu: joto, uzito, jasho, mkojo. Imani ya kwamba ngamia ana maji yaliyofichwa mahali fulani ilikuwa na umri wa karibu miaka 2,000, maana hata Plinio wa Roma aliandika hivyo. Waliyatafuta maji hayo. Hayakuwepo. Nundu ilikuwa mafuta matupu, na tumbo lilikuwa na majimaji ya kusagia chakula kama la mnyama mwingine yeyote anayecheua.

Kuna waliojaribu kuiokoa imani hiyo kwa kusema kwamba mafuta yakiunguzwa mwilini huzaa maji. Ni kweli: gramu moja ya mafuta hutoa zaidi ya gramu moja ya maji. Lakini kuyaunguza kunahitaji oksijeni, oksijeni inataka kuvuta pumzi, na kila pumzi ya hewa kavu inaondoka na unyevu wa mapafu. Ukipiga hesabu, mnyama anapoteza kuliko anavyopata. Nundu ni ghala la chakula, na kuwekwa kwake mgongoni kuna maana: mafuta yangetandazwa chini ya ngozi yote yangemfunika mnyama asiweze kupoa. Ngamia ambaye nundu yake imelala ana njaa. Kiu yake utaisoma kwingine.

Maajabu waliyoyakuta yalikuwa katika joto la mwili. Sisi binadamu tukipanda nyuzi 2 tunatafuta daktari. Ngamia aliyenyimwa maji huamka na nyuzi 34 alfajiri, na jioni amepita 40. Tofauti hiyo ya nyuzi 6 katika mwili wa kilo 500 ni joto ambalo kuliondoa kwa jasho kungegharimu karibu lita 5 za maji kwa siku. Yeye haliondoi. Hulibeba mchana kutwa, kisha usiku wa jangwa unapoingia na ubaridi wake, hulirudisha hewani bila kulipa tone. Ngamia anayekunywa kila siku hafanyi hivyo. Joto lake hutulia. Ni kiu inayomfungulia mlango huo.

Halafu manyoya. Walimnyoa ngamia mmoja wakampima: alipoteza maji kwa jasho nusu zaidi ya wenzake waliobaki na manyoya. Juani, juu ya manyoya panaweza kufika nyuzi 70 huku ngozi ikiwa 40 tu. Ni kama paa la makuti kwenye nyumba ya Lamu, juu linaungua na chini watu wamelala. Jasho lenyewe hukaukia kwenye ngozi, mahali ambapo kukauka kwake kunapoza mwili, badala ya kukaukia kwenye ncha za manyoya na kuipoza hewa.

Kupoteza bila kufa

Ubanaji wa maji haukuishia hapo. Figo zake huukaza mkojo ukawa mzito na wenye chumvi kuliko bahari. Malisho yakiwa duni, uchafu wa mkojo ambao wanyama wengine wangeumwaga hurudishwa tumboni, vijidudu wakautengenezea protini. Kinyesi chake hutoka kikavu kiasi kwamba kinafaa kuwashia moto. Pua ina vijia vilivyojikunja ambavyo ukuta wake hushika unyevu wa pumzi inayotoka. Schmidt-Nielsen na wenzake walikuja kuonyesha mwaka 1981 kwamba usiku njia hiyo huokoa zaidi ya nusu ya maji ambayo yangepotea kwa kupumua.

Pamoja na yote hayo, siku zikizidi maji hupungua tu. Hapo ndipo ngamia anapoachana na wanyama wengine. Mnyama wa kawaida akipoteza maji ya asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake kwenye joto kali, damu inakuwa nzito, moyo unashindwa kuisukuma, joto linajifungia ndani, anakufa. Ngamia hupoteza asilimia 25 na zaidi, mbavu zinahesabika, na bado anatembea. Maji yake hupungua zaidi kwenye nyama na viungo kuliko ndani ya mishipa, kwa hiyo damu inaendelea kupita.

Na siku akifika kisimani hunywa lita 100 au zaidi kwa dakika 10, mbele ya macho yako mbavu zikijifunika. Mnyama mwingine akinywa hivyo kwa ghafla baada ya kukauka, chembe zake nyekundu za damu zitavimba na kupasuka. Za ngamia zina umbo la yai, si duara, na zinaweza kuvimba kupita mara mbili ya ukubwa wake zikabaki nzima.

Tukiziunganisha hesabu hizi tunaona kuwa ngamia hashindi kwa kuweka akiba. Anashinda kwa kukubali kubadilika: joto lipande, uzito ushuke, damu ikauke kisha ifurike, mradi miguu isisimame. Ni mwili uliopangwa kwa mnyama ambaye ana hakika kuwa maji yapo, ila yako mbali.

Damu hiyohiyo imeificha zawadi nyingine. Mwaka 1993 timu ya Raymond Hamers wa chuo kikuu kimoja cha Brussels ilitangaza kwamba ngamia na jamaa zake wana aina ya kingamwili iliyo rahisi kuliko ya binadamu, isiyo na minyororo miepesi. Kipande chake kinachoshika adui ni kidogo mno, kigumu kuharibika, na kinaweza kutengenezwa maabara. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, caplacizumab, inayotibu ugonjwa adimu wa damu kuganda, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018.

Kaskazini mwa Kenya, ng'ombe anapokoma

Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3. Ya mwaka 2019 ikahesabu takriban milioni 4.6. Wasomali, Warendile na Wagabra ni watu wa ngamia tangu zamani. Kilichoongezeka ni majirani zao. Wasamburu, ambao mashairi na mahari yao ni ng'ombe, wamekuwa wakimwingiza ngamia bomani, na tangu mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Samburu imekuwa ikigawa ngamia kwa familia. Hata upande wa Tanzania, Wamasai wa maeneo makavu ya Arusha wamezoeana naye tangu miaka ya 1990.

Sababu haihitaji hotuba. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua za misimu 5 mfululizo zilikosekana katika Pembe ya Afrika, na Kenya peke yake ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Ng'ombe anataka maji kila baada ya siku 2 au 3, kwa hiyo hawezi kwenda mbali na kisima. Majani ya karibu yakiisha, amekwisha. Ngamia wa kiangazi hunyweshwa kila baada ya siku 10 hadi 14, na mvua ikiwa imenyesha na vichaka vimechipua anaweza kukaa majuma bila kuonyeshwa maji. Malisho yaliyo mwendo wa siku mbili tatu kutoka kisimani, ambayo kwa ng'ombe ni kama hayapo, kwake ni shamba. Wala hayagombanii na ng'ombe au kondoo: midomo yake inapita katikati ya miiba ya mgunga, anang'oa majani machache, anapiga hatua, anang'oa kwingine.

Jambo kubwa zaidi kwa mama wa nyumba ni maziwa. Ng'ombe hukauka katikati ya kiangazi, wakati watoto wanayahitaji kuliko wakati wowote. Ngamia aliyezaa huendelea kukamuliwa mwaka na zaidi. Maziwa yake yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, jambo lenye uzito mahali ambapo chungwa ni hadithi. Wanawake wa Isiolo wameyageuza kuwa biashara: hukusanywa alfajiri katika mitungi iliyofukizwa moshi, hupakiwa kwenye mabasi, na kufika Eastleigh, Nairobi, kutiwa katika chai au kuuzwa yakiwa yameganda. Kinachofuata mitungi hiyo ni fedha za karo na unga, zinazorudi kaskazini kwa simu.

Mfugo unaotaka njia

Hata hivyo, anayemchukua ngamia kuwa ng'ombe asiyekunywa maji atajuta. Mimba yake ni miezi 13. Jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 5, na baada ya hapo ndama mmoja kila miaka 2 ni bahati njema. Kundi likishuka, kulirudisha ni kazi ya nusu ya maisha ya mtu. Ndiyo maana kwa Warendile na Wagabra ngamia jike hauzwi ovyo. Huazimwa kwa jamaa na rafiki, maziwa yakawa ya aliyeazimwa, na uzao ukawafunga watu wawili kwa vizazi. Mwenye ngamia waliotawanyika kwa watu kumi hafilisiki kwa ugonjwa wa boma moja. Elimu hiyo haigawiwi pamoja na ngamia wa mradi.

Magonjwa nayo yapo. Surra, ndugu wa malale anayeenezwa na nzi wanaouma, humkondesha na kuharibu mimba, hasa akipelekwa kwenye bonde lenye unyevu. Kirusi cha MERS, kilichotambuliwa kwa binadamu mwaka 2012 nchini Saudia, hukaa ndani ya ngamia wa nundu moja, na dalili za kuwahi kukipata zimeonekana katika ngamia wa Kenya pia. Kuchemsha maziwa ni tahadhari inayolinda dhidi ya mengi. Na ukame ule wa misimu 5 uliua ngamia pia, baada ya kuwamaliza ng'ombe.

Lakini adui mkubwa ni mwingine, naye hana mdudu wala dawa. Kila kifaa cha mwili wa ngamia, kuanzia unyayo hadi chembe ya damu, kinafanya kazi kwa sharti moja, kwamba mnyama anaweza kwenda. Mpunguzie nafasi na faida zake zote zinabatilika. Akifungiwa eneo dogo ataitafuna migunga ileile hadi ife, na uwezo wake wa kukaa siku 12 bila maji hautamsaidia chochote kama kilomita 50 za malisho zimekatwa na ua. Na kaskazini mwa Kenya nyua zinaongezeka. Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale imezaa miji, mipaka ya kaunti imegeuka mipaka ya makabila, visima vinachimbwa pasipo mpango na kuwavuta watu kukaa mahali pamoja mwaka mzima, na ardhi iliyopaswa kusajiliwa kwa jina la jamii chini ya sheria ya mwaka 2016 katika sehemu nyingi haijasajiliwa.

Kwa hiyo kaunti inayompa mjane wa Samburu ngamia watatu imefanya jambo jema, lakini imefanya nusu yake. Nusu ya pili inafanyika ofisini: kuchora njia za mifugo kwenye ramani kabla ya barabara na mashamba kuchorwa, kukubaliana na kaunti jirani nani atapita wapi kiangazi kikija, na kusajili ardhi ya jamii ili njia hizo zisije zikauzwa. Ngamia wa Amerika walikwisha wote pale walipobaki. Waliosalia duniani ni wazao wa wale walioondoka, na hadi leo hakuna aliyevumbua namna ya kumfuga ngamia asiye na mahali pa kwenda.